Mtoto Amemaliza Kidato cha Nne na Anataka Chuo cha Marekani? Anzeni na Pesa

Hamjambo watu wangu wa nyumbani. Hapa ni Lowell, Massachusetts, na huo mngurumo mnaousikia ni hita, mnivumilie. Mwezi wa nne huu lakini baridi bado haijaaga.

Tangu matokeo ya KCSE yatoke Januari, simu yangu haipumui. Ujumbe ni ule ule: "Dada, kijana amepata A, tunataka aje Marekani, tuanzie wapi?" Wengine wanakuja na orodha kabisa. Harvard, Stanford, halafu chuo kikuu cha jimbo fulani kwa sababu mjomba anaishi karibu na hapo. Leo nataka tuongee kuhusu hiyo orodha, kwa sababu hapo ndipo watoto wengi wazuri wanapopoteza mwaka.

Kwanza mnijue. Mimi si mshauri wa shule. Kazi yangu ni kutunza wazee, zamu ya usiku. Ila Jumamosi tunakaa na watoto wa Wakenya na Wakongo wa hapa, walio mwaka wa mwisho wa sekondari, tunajaza fomu pamoja. Na wa huko nyumbani nawafuatilia kwa WhatsApp, nikiwa macho na nikiwa nusu usingizini.

Nyumbani tumezoea KUCCPS, wale wanaopangia wanafunzi vyuo. Una gredi yako, unachagua kozi, unasubiri kupangiwa. Huku hakuna wa kukupangia. Kila chuo kinafungua faili lako chenyewe na kujiuliza mambo mawili: huyu tunamtaka? Na nani atamlipia? Familia nyingi zinahangaika na la kwanza tu, hili la pili wanaliachia Mungu. Sasa nisikilizeni. Kwa mtoto asiye raia wa Marekani, la pili ndilo linaloamua orodha iweje.

Tuchukue mfano, nitumie tarakimu za duara. Chuo kidogo cha binafsi kimeandika kwenye tovuti yake kwamba mwaka mmoja ni dola 88,000, masomo, chumba na chakula. Mzazi akiiona hiyo anafunga simu. Anakwenda chuo cha jimbo, anaona dola 45,000, anasema afadhali hiki. Hicho cha jimbo kikimpenda sana mtoto kitampunguzia labda 10,000. Zimebaki 35,000, kila mwaka, kwa miaka minne. Kwa hela yetu hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 4 kwa mwaka. Unazo? Mimi sina.

Sasa turudi kwa kile cha 88,000. Kama ni chuo kinachoahidi kufidia pengo lote la mwanafunzi kinayemchukua, kitatazama mapato ya wazazi, kitasema ninyi mnaweza kutoa, tuseme, 2,000. Pengo la 86,000 kinalibeba chenyewe, sehemu kubwa ni ruzuku usiyorudisha, na sehemu ndogo mtoto anaifanyia kazi maktaba au jikoni pale pale chuoni. Kwa hiyo kile cha bei ya kutisha ndicho cha bei nafuu. Bei iliyoandikwa mlangoni si bei utakayolipa, na vyuo vingi vya serikali za majimbo havina fungu la maana la kumsaidia mgeni.

Orodha basi inajengwaje? Kuna vyuo vichache ambavyo havitazami mfuko wako vinapokuchagua, hata kama umetoka Garissa, na vikikuchukua vinafidia pengo lote. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni vya siku nyingi katika jambo hili. Dartmouth na Bowdoin vikaingia 2022. Vizuri. Lakini Harvard inachukua chini ya watu 5 katika kila 100 wanaoomba, dunia nzima. Ukiomba hapo na penginepo pa namna hiyo tu, hiyo ni bahati nasibu hata kama una A ya kusimama wima.

Kundi la pili ndilo ninalowaomba mlisome usiku na mchana. Hivi ni vyuo vidogo vyenye fedha, vinavyotazama mfuko wako wakati wa kuchagua, lakini vikishakuchukua vinakulipia vizuri. Macalester kule Minnesota, alikosoma Kofi Annan. Grinnell kule Iowa. Na kuna Berea, Kentucky, ambacho hakijamtoza mwanafunzi ada ya masomo tangu 1892, na kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki. Carter Woodson, yule mwanahistoria Mmarekani mweusi, alitoka pale Berea.

Najua mnachosema. "Grinnell? Nitawaambia nini watu kanisani?" Jamani. Wangari Maathai alikuja huku 1960, kwenye zile safari za ndege za wanafunzi alizozipigania Tom Mboya. Ile ndege ya kwanza, ya 1959, ilibeba wanafunzi 81. Maathai hakupelekwa kwenye jina kubwa. Alipelekwa chuo cha watawa wa Kikatoliki huko Atchison, Kansas, mji ambao Wamarekani wenyewe wengi hawajaukanyaga. Akamaliza biolojia 1964. Nobel yake ya 2004 haikuuliza Kansas ni wapi.

Nikishasema pesa, niseme na hili: msijaze FAFSA, ile fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa fedha za chuo. Kila mwaka kuna shangazi wa huku anamtumia mtoto wa nyumbani kiungo cha FAFSA. Ile ni ya raia, wenye green card na wachache wengine walio ndani ya nchi, ndiyo tunayojaza na watoto wa hapa Lowell. Mtoto aliye Kakamega anajaza CSS Profile, fomu ya mtandaoni ya msaada wa fedha ambayo vyuo vingi hutumia, au fomu ya chuo chenyewe. Ina maswali marefu ya mapato, ng'ombe, shamba, nyumba. Jibu ukweli. Mama anauza samaki hana payslip, hilo si kosa. Andikeni hesabu ya wiki ya kawaida, ombeni barua ya chifu, mweleze chuo jinsi pesa inavyoingia na kutoka.

Na msimlipe mtu "wa kukuhakikishia nafasi". Hakuna anayeuza nafasi. EducationUSA wana ofisi Nairobi, ni ushauri wa serikali ya Marekani na ni bure. KenSAP, mpango wa kuwasaidia Wakenya kuomba vyuo vya huku, ipo tangu 2004 kwa watoto wenye alama za juu kabisa wasio na uwezo, na watu wa benki ya Equity nao wana mpango wao wa vijana wao. Ada ya kuomba chuo inaweza kusamehewa ukiomba msamaha, kule ndani ya Common App, fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo, kuna mahali pa kubonyeza. Sasa ajenti wa laki mbili anakuuzia nini?

Haya, kalenda. Common App inafunguliwa Agosti 1. Ni fomu moja unayoweza kuituma vyuo hadi 20. Tarehe za mwisho za awamu ya mapema ni kuanzia Novemba 1, za kawaida ni mwanzoni mwa Januari. Ukiwa kidato cha nne Novemba uko kwenye chumba cha mtihani, na matokeo yanakuja tarehe zimeshapita. Ndiyo maana Wakenya wengi wanaomba mwaka unaofuata. Nyinyi mliopata matokeo juzi, huu ndio mwaka wenu, mna miezi minne kabla ya Agosti.

Lakini kuna mtego. Ukienda kuanza chuo kikuu Kenya mwezi wa tisa "kupitisha muda", vyuo vingi huku vitakuhesabu kuwa mwanafunzi wa kuhamia, na msaada wa fedha kwa wageni wanaohamia ni mchache sana, pengine hakuna. Ni uamuzi mgumu, sitaki kuufanya uonekane mwepesi. Kuacha nafasi ya KUCCPS mkononi ni jambo la kukalisha familia nzima. Kalisheni familia kabla ya kuripoti chuo, si baada.

SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya huku, inafanywa kwa laptopu au tableti, simu haikubaliki, na ni saa 2 na dakika 14. Vyuo vingi vinasema si lazima, lakini MIT iliirudisha 2022, na Harvard, Dartmouth na Brown wakafuata 2024. Vituo vinajaa, jisajili mapema.

Sasa insha. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo napapenda.

Ni maneno 650, basi. Na karibu kila rasimu ninayotumiwa inaanza "Nilizaliwa katika familia ya hali ya chini". Mwanangu, mtu anayesoma hiyo insha amesoma 40 leo, na 20 zilianza hivyo. Umaskini wako ameshauona kwenye fomu ya fedha. Anachotaka kujua ni kichwa chako kinafanyaje kazi.

Kuna kijana mmoja wa pwani, amenipa ruhusa niseme bila jina. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo, mpaka machozi ya mama yalikuwamo. Nikampigia, nikamuuliza, ukitoka shule unafanya nini? Akasema, nauza maji tu, kwenye kioski cha nyanya yangu, bibi yangu. Tu! Nikamwambia nipige picha ya hapo mezani. Akanitumia picha ya daftari la madeni. Kila mteja ana mstari wake, mitungi aliyochukua, na pembeni kuna vialama vidogo kwa penseli. Nikauliza hivi ni nini. Kumbe alikuwa anaandika siku ambayo kila mtu hulipa. Wa bodaboda jioni ile ile. Mwalimu mwisho wa mwezi. Mama wa viazi Ijumaa, baada ya soko. Halafu akawa anajua wiki gani nyanya ataishiwa na pesa za kulipia maji ya kampuni, akawa anamkumbusha mteja siku mbili kabla. Madeni yakapungua na hakuna aliyegombana na mtu.

Anataka kusoma hisabati. Na alikuwa ameficha hilo daftari, akaandika machozi.

Insha ya pili ilianza na ile alama ya penseli ya mama wa viazi. Kiingereza chake, si changu. Sikugusa sentensi, nilikuwa nauliza maswali tu, na ninyi mlio na ndugu huku msikubali awaandikie. Wala msiipe mashine ya AI iwaandikie, inatoka laini kama ukuta wa benki, na Common App inalihesabu hilo kuwa udanganyifu.

Hiyo kazi ya kioski inaingia pia kwenye orodha ya shughuli. Kuna nafasi 10, kila moja ina herufi 150 za maelezo. Watoto wetu wananiambia hawana shughuli, hawakuwa kwenye klabu. Unalea wadogo zako? Fomu ina sehemu ya majukumu ya familia, imeandikwa wazi. Unachunga mbuzi, unafundisha madrasa, unamsomea babu barua? Andika, na useme saa ngapi kwa wiki.

Barua za walimu. Walimu wetu, Mungu awabariki, wanaandika kama cheti cha kumaliza shule: "Ni mtiifu, ana nidhamu, anashirikiana na wenzake." Kwa heshima zote, nenda kwa mwalimu mwenyewe, ana kwa ana, umwombe aeleze tukio moja alilokuona ukifanya darasani. Na hakikisha barua pepe unayoiandika kwenye fomu ni ile anayoifungua. Ile ya shule hakuna anayejua nywila yake tangu karani ahamishwe. Mnunulie bando, kaa naye, kiungo kikiingia kwenye taka mkitafute pamoja.

Majina! Cheti cha kuzaliwa kinasema Abdalla Said Omar, KCSE inasema Omar Abdalla, pasipoti imeongeza la babu. Chagueni moja, lile la pasipoti, litumike SAT, Common App, kila mahali. Kama pasipoti bado, ingia eCitizen wiki hii.

Visa sitaisema sana. Chuo kinakupa I-20, karatasi ya kuombea visa ya mwanafunzi, unalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali wa kuwaandikisha wanafunzi wageni, na ada ya visa dola 185, unakwenda kwenye mahojiano. Tangu Juni 2025 wanataka akaunti zako za mitandao ziwe wazi waweze kuzitazama. Na vikwazo vya nchi kwa nchi vilivyoanza mwezi huo huo viliongezwa Desemba, kwa hiyo ndugu zangu wa Tanzania na Burundi, someni tovuti ya ubalozi wenu kabla hamjatoa hata senti moja.

Video ijayo nitafungua CSS Profile hapa kwenye skrini, tuijaze mstari kwa mstari. Kabla ya hapo mzazi aandike mapato ya mwaka 2025, kila alichouza na kila alicholipa, hata kwenye karatasi ya daftari. Mkiwa na wazazi wawili wanaoishi mbalimbali, kila mmoja aandike yake, kwa sababu vyuo vingine vitawauliza wote wawili. Haya, zamu yangu inaanza saa tano na bado sijapika.