Kuzuia Protini Isishike Sukari

Mabibi na mabwana, kila seli ya mwili imefunikwa na minyororo ya sukari changamano, na maradhi mengi huanzia hapo. Virusi vya mafua hushika asidi ya sialiki iliyo kwenye ncha za minyororo hiyo. Sumu kadhaa za bakteria nazo hutafuta sukari zao. Kwa nini basi tusiuzuie mshiko huo? Kusema ni rahisi. Mahali protini inaposhikia sukari mara nyingi ni kijibonde chenye kina kifupi, kilicholowa maji. Molekuli ndogo ya dawa ikitua hapo, huteleza na kutoka.

Dawa za mafua zanamiviri na oseltamiviri, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 1999, ziliufuata mlango mwingine. Haziigusi protini inayokishikiza kirusi kwenye seli. Zinaziba nyuraminidasi, kimeng'enya kinachokata asidi ya sialiki ili virusi vipya vibanduke. Kimeng'enya hicho kina shimo la kutosha. Dawa ikikaa, imekaa.

Pasipo na shimo je? Kidole kimoja hakivunji chawa. Sumu za jamii ya Shiga, zitolewazo na bakteria wa kuhara damu, hushika seli kwa vipande vitano vilivyojipanga duara. Mwaka 2000 watafiti wa Kanada walitengeneza molekuli yenye mikono mitano, kila mkono umebeba sukari za chambo, na nguvu yake dhidi ya sumu hiyo ikapita ile ya sukari mojamoja zaidi ya mara milioni. Kwangu hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote katika fani hii, ijapokuwa haikufika kwa wagonjwa.

Sasa selimundu, ambako mambo ni magumu zaidi. Protini iitwayo P-selektini, iliyo kwenye kuta za mishipa, hunasa seli za damu kwa kushika sukari zake. Mshipa unaziba, maumivu yanaanza. Kingamwili iitwayo krizanlizumabu huiziba protini hiyo. Katika jaribio lililochapishwa 2017, waliopewa kipimo kikubwa walipata wastani wa kati wa vipindi 1.63 vya maumivu kwa mwaka, dhidi ya 2.98 kwa waliopewa dawa bandia. Marekani ikaiidhinisha 2019. Jaribio la baadaye halikuionyesha faida hiyo, na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ukaifuta idhini yake.

Rivipanseli, dawa nyingine ya selimundu ambayo ni molekuli inayoiga sukari yenyewe, nayo ilishindwa katika jaribio 2019. Wapo waliohitimisha kwamba selektini, yaani P-selektini na ndugu zake, hazifai kulengwa na dawa. Mimi nasema tusiharakishe: dawa hiyo walipewa watu waliokwisha kulazwa kwa maumivu, na uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa walioipata mapema ndio walionufaika.