Niazime Kalamu: Makosa ya Kiingereza Yanayoanzia Nyumbani

Walimu wenzangu, asanteni kwa kunikaribisha. Niliombwa nije na orodha ya maneno ya Kiingereza yanayochanganywa. Orodha sikuja nayo. Zimejaa vitabuni, na nyingi aliandikiwa Mwingereza, ambaye anakosea kwa sababu zake. Sisi tuna zetu.

Chukueni *borrow* na *lend*. Mwanafunzi anasema "Borrow me your pen", darasa linacheka. Ila kwa Kiswahili tunasema "nimeazima kalamu kwa Asha", kisha tunamgeukia jirani: "niazime kalamu yako." Kitenzi ni kilekile, anayetoa na anayepokea wote wanakitumia. Mtoto amehamisha tu alichonacho. Kwenye fedha, hata hivyo, hatuna mzaha: huyu anakopa, yule anakopesha. Basi anzieni hapo. *Borrow* mpeni anayekopa, *lend* mpeni anayekopesha, halafu ndipo mrudi kwenye kalamu.

Na msidhani Kiingereza ndicho chenye mpangilio siku zote. Mtu akikwambia "I rent a house in Tanga", ni mpangaji huyo au ni mwenye nyumba? *Rent* inabeba kupanga na kupangisha. Hapo sisi ndio tuliotenganisha.

Kusikia nako ni vivyo hivyo: tunasikia sauti, tunasikia njaa, tunasikia harufu. Ndiyo maana "I hear a bad smell" haiishi kwenye madaftari.

Lakini sehemu ngumu zaidi, kwa maoni yangu, ni irabu. Sisi tunazo tano. Kiingereza cha Uingereza kinachofundishwa shuleni huhesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo ishirini. Lazima zibanane. *Live* na *leave* zinaingia kwenye i yetu moja, na mtu anaandika "I leave in Dodoma" ilhali hajaondoka popote. Ushahidi tumeuvaa: *shirt* na *skirt* zina irabu moja kwa Mwingereza, lakini kwetu moja imekuwa shati, nyingine sketi. *Nurse*, yenye irabu hiyohiyo, ikawa nesi. Kwa hiyo maneno ya namna hii yafundisheni kwa sikio kabla ya ubao. Sheria ya tahajia haitamsaidia asiyesikia tofauti.

Makosa ya Waingereza wenyewe nitayapitia haraka. *Its* ya kumiliki haina alama ya ritifaa, kama *his* isivyokuwa nayo. *It's* ni *it is* iliyofupishwa. *Stationary* na *stationery* ninazipenda, kwa kuwa asili yao ni moja: kusimama mahali. Zamani Ulaya muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu alipewa jina lililomtofautisha na wachuuzi wa kutembeza, yaani wamachinga wa wakati huo. Bidhaa zake, karatasi na wino, zikarithi jina hilo. Yenye *e* ni ya duka, yenye *a* ni ya kilichosimama.

Naona mkono kule nyuma. *Practice* na *practise*? Uingereza yenye *c* ni nomino, yenye *s* ni kitenzi. Marekani huandika *c* kote. Chagueni moja, na shule nzima iifuate, mtoto asikosolewe na mwalimu wa kidato cha pili kwa alichofundishwa kidato cha kwanza.