Furaha na Uzito wa Krismasi katika Zama Zetu

Ndugu wasikilizaji, nimepewa nafasi hii nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalijua moyoni, ila ni nadra kulitamka hadharani: kwamba Krismasi inapokaribia tunaisubiri kwa hamu na wakati huohuo tunaihofia. Wapo wanaotoka katika ibada ya mkesha wakiwa na furaha ya kweli, kisha siku ya pili yake wakajikuta wamechoka, wameishiwa na wamenuniana na jamaa zao. Wapo pia wasioamini hata kidogo habari za Mtoto wa Bethlehemu, lakini wasiokubali siku hiyo ipite bila kuketi mezani pamoja na mama yao. Nakusudia kuonyesha kwamba hisia hizi mchanganyiko si ugonjwa wa karne yetu, wala si dalili ya imani haba. Zimeandamana na sikukuu hii tangu ilipoanza, na kilichobadilika ni aina ya mzigo na mabega yanayoubeba.

Katika Injili nne, ni Mathayo na Luka tu wanaosimulia kuzaliwa kwa Yesu, na wote wawili hawataji tarehe. Katika karne ya 3, mwanateolojia Origeni wa Aleksandria aliwakumbusha Wakristo kuwa watu ambao Maandiko yanawataja wakisherehekea siku zao za kuzaliwa ni Farao na Herode, nao si wa kuigwa. Ushahidi ulio wazi wa sikukuu ya tarehe 25 Desemba tunaukuta Roma, katika kumbukumbu zilizokusanywa mwaka 354, ambazo sehemu yake hurejea mwaka 336. Kabla karne hiyo ya 4 haijaisha, askofu Gregori wa Nazianzo alisimama mbele ya waumini wa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, akahubiri mahubiri ambayo kwangu mimi ndiyo ufunguo wa suala letu. Alianza kwa shangwe, akitangaza kwamba Kristo anazaliwa na kuwaita watu wamtukuze. Kisha, katika mahubiri hayohayo, akawasihi wasipambe milango wala mitaa, wasishindane kwa ulaji na unywaji, ilhali wengine walioumbwa kwa udongo uleule wana njaa. Angalieni kwamba hakuona haja ya kuchagua kati ya furaha na masikitiko. Alivitamka vyote viwili kwa pumzi moja, wakati sikukuu yenyewe ilikuwa bado changa.

Waliojaribu kuumaliza mgongano huo kwa amri hawakufanikiwa. Bunge la Uingereza, likiwa chini ya Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali waliotaka kulitakasa Kanisa, lilipiga marufuku sikukuu hiyo mwaka 1647, na katika mji wa Canterbury kukazuka ghasia. Mwaka 1659 koloni la Massachusetts huko Amerika, nalo la Wapuritani, liliweka faini ya shilingi 5 kwa atakayeisherehekea, sheria iliyofutwa mwaka 1681. Kuba nako siku hiyo iliondolewa katika orodha ya sikukuu mwaka 1969, ikarudishwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Hoja za Wapuritani zilikuwa na uzito, kwa kuwa ulevi na vurugu walivyovilaumu vilikuwapo kweli. Hata hivyo watu hawakuwa tayari kunyang'anywa siku yao ya kukutana.

Sura ya Krismasi tunayoifahamu sasa ni ya juzi tu. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuchapishwa kibiashara ilitolewa London mwaka 1843, na picha ya Malkia Victoria na familia yake wakiuzunguka mti uliopambwa, iliyochapishwa mwaka 1848, ilisaidia sana kueneza desturi hiyo ya Kijerumani. Katika karne hiyo ya 19 sherehe ilihama kutoka mitaani ikaingia nyumbani, na mtoto akawekwa katikati yake. Hilo ni jambo jema na sitalibeza. Lakini nyumbani ndiko yaliko majeraha yetu mengi, na sikukuu iliyokabidhiwa familia hurithi kila kisichokaa sawa katika familia hiyo.

Juu ya hayo umeongezwa mzigo wa kununua. Mtazameni mzazi aliyesimama mbele ya rafu ya vitu vya kuchezea, ameshika boksi mkononi, anaangalia bei, analirudisha, anasogea hatua mbili, kisha anarudi kulichukua. Anajua kuwa kodi ya nyumba haijalipwa, na anajua pia kuwa shule zikifunguliwa watoto wataulizana walipewa nini. Mtu huyu hasumbuliwi na tamaa. Anasumbuliwa na upendo ambao umebandikwa bei. Nadhani hapa ndipo zama zetu zimekosea zaidi ya zile zilizotangulia, kwa kuwa ulafi aliouonya Gregori ulikuwa dhambi ya wenye nacho, ilhali mkopo wa Desemba humlemea asiye nacho, naye huulipa miezi mingi baada ya mapambo kushushwa.

Tusiwasahau waliofiwa. Anayepika kwa mara ya kwanza tangu mumewe afariki huhesabu sahani kwa mazoea, akatoa moja zaidi, akairudisha kabatini kabla watoto hawajaiona. Huku anapokea salamu zinazomtakia furaha tele, nyingine zimetumwa kwa watu mia kwa mkupuo. Kumtaka mtu huyo achangamke ili asituharibie siku ni ukatili, hata kama tunaufanya kwa nia njema.

Wapo wanaoniambia kwamba, kwa hali hiyo, ni uungwana kuiacha Krismasi kabisa. Siafikiani nao, na shahidi wangu ni mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyeandaa hori halisi lenye nyasi kavu, pamoja na ng'ombe na punda, huko Greccio, Italia, mwaka 1223. Tomaso wa Celano, aliyeandika maisha yake, anasimulia kuwa Fransisko alitamani siku hiyo hata kuta zile nyama, na matajiri wawashibishe maskini. Anasimulia pia kwamba siku moja, akiwa mezani, ndugu mmoja wa utawa wake alitaja umaskini wa Mama Maria, Fransisko akainuka akilia, akaumalizia mkate wake akiwa ameketi chini sakafuni. Hakuna aliyeipenda Noeli kumshinda, na hakuna aliyeiona aibu ya karamu upesi kama yeye.

Kwa hiyo naomba mazungumzo yaanze mapema, Novemba bado haijaisha. Wazazi wawaambie watoto waziwazi uwezo wao ni upi mwaka huu. Ndugu wakubaliane kutopeana zawadi kama zawadi zinawatia madeni, na wa kulisema jambo hilo kwanza awe mwenye nacho, kwa sababu asiye nacho akilisema ataonekana anajitetea. Aliyefiwa aulizwe anataka kukaa na watu au kuachwa peke yake, na jibu lake likubaliwe bila kubembelezwa. Na asiyeamini, aliyekuja kwa ajili ya mama yake tu, apewe kiti bila kuhojiwa amefuata nini.