Montgomery 1955: Mgomo wa Mabasi Ulivyopangwa

Ndugu zangu, tuache kusimulia kwamba mama mmoja alichoka, akakataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi, na hapo mji mzima ukagoma. Mama huyo, Rosa Parks, alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi. Alikamatwa Alhamisi, tarehe 1 Desemba 1955, na Jumatatu yake Weusi karibu wote wa Montgomery, jimboni Alabama, Marekani, hawakupanda basi. Nani aliwafikishia habari kwa siku tatu?

Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo cha Alabama State na kiongozi wa Baraza la Kisiasa la Wanawake. Tangu Mei 1954 alishamwandikia meya kumwonya kuhusu mgomo. Usiku uleule wa Alhamisi, wakili Fred Gray alipompa habari, Robinson alikwenda chuoni kwenye mashine ya kudurufu na mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili. Kila karatasi ilibeba tangazo mara tatu, kisha ikakatwa vipande vitatu. Hivyo walipata makumi ya maelfu ya vipeperushi kabla ya kucha. Ijumaa saa mbili asubuhi akafundisha kipindi chake kama kawaida. Alipomaliza, aliingia garini na wanafunzi wale, wakaangusha mafurushi mashuleni, madukani, saluni, kwa vinyozi. Mtaniambia wachungaji ndio walioanzisha? Walipokutana Ijumaa jioni, vipeperushi vilikuwa tayari mitaani!

Tena kugoma siku moja si kazi. Siku 381 zinataka usafiri. Teksi za Weusi zilianza kubeba watu kwa senti 10, sawa na basi. Wakuu wa mji wakashikilia sheria kwamba teksi isitoze chini ya senti 45. Ndipo wagomaji wakafuata utaratibu uliojaribiwa mjini Baton Rouge, Louisiana, mwaka 1953: magari ya watu binafsi, kama 300 hivi, yenye vituo vya kupakia na kushushia. Polisi wakawaandama madereva. Mchungaji Martin Luther King mwenyewe, kiongozi wa mgomo, alikamatwa Januari 1956 kwa kwenda maili 30 kwa saa penye ruhusa ya 25. Magari ya makanisa yakafutiwa bima mara kwa mara, mpaka ikapatikana bima ya Lloyd's ya London.

Muda umeniishia, kesi naigusa tu. Ni Browder dhidi ya Gayle, na Parks hakuwa miongoni mwa walalamikaji. Tarehe 13 Novemba 1956 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba ubaguzi mabasini unavunja katiba. Siku hiyohiyo, mahakama ya Alabama ikapiga marufuku magari ya mgomo. Amri rasmi ilifika Montgomery Desemba 20. Wiki hizo tano, wengi walikwenda kazini kwa miguu.