Samaki wa kuchoma ndani ya chapati, kwenye mji wa mvua

Wazee wangu mnaotazama, shikamooni. Na vijana wenzangu, hamjambo. Saa yangu inaonyesha saa mbili na nusu usiku hapa Bergen, magharibi mwa Norwei, na huko nyumbani najua imekwishafika saa tatu na nusu na giza limeingia zamani, lakini kama mnavyoona nyuma yangu, jua bado linawaka juu ya mapaa ya majirani na halitazama mpaka baada ya saa tano. Mji huu hunyeshewa zaidi ya siku 200 kwa mwaka, kwa hiyo jua likitoka mtu hajiulizi apike nini. Anatoa jiko nje kwanza, mengine yatafuata. Mtaa mzima leo unanuka samaki na soseji, na mimi pia nimeshuka na jiko langu kwenye roshani. Ni jiko la umeme, kwa sababu kamati ya jengo letu imekataza mkaa, nami nilipewa barua ya onyo kiangazi changu cha kwanza kabla sijajua kwamba moshi una kanuni.

Chakula cha leo ni samaki wa kuchoma aliyeviringishwa ndani ya chapati nyembamba pamoja na kachumbari kavu na mtindi wa ukwaju. Ndugu zetu wa Kampala watasema hiki ni kizazi cha rolex, ile chapati yao yenye mayai ndani, nami sitabishana nao. Wanorwei nao wana desturi ambayo ilinishangaza nilipofika: Ijumaa jioni, nyumba nyingi hapa hula taco, chakula cha asili ya Meksiko ambacho kimekuwa chao kama ugali ulivyo wetu. Kwa heshima ya wazee waliopo sitalitamka jina hilo kwa lafudhi ya Tanga. Faida niliyoipata mimi katika desturi hiyo ni kwamba kila duka la chakula lina mikate myembamba ya kuviringishia, nayo wameipa jina la lefse, ambalo ni jina la mkate wao wa kale wa bapa.

Kabla sijagusa kisu, naomba niwaeleze kwa nini nimerudia pishi hili mara nyingi kiasi hiki. Mwaka wangu wa pili hapa nilialikwa kwenye mandari ya watu wa kazini, nikaamua kuwaonyesha mapishi ya pwani. Nikatengeneza samaki wa kupaka mwenye tui zito, nikamfunga kwenye chapati za kusukuma zilizokolea mafuta, nikaweka kachumbari ya nyanya kama tunavyoila na pilau, kisha nikafunika kila kitu kwa foili ikiwa bado ya moto. Tulipofungua baada ya saa moja, chapati zilikuwa zimelowa kama kitambaa cha kufutia meza. Mwenyeji wangu aliishika yake kwa mikono miwili, akaiuma, na tui lote likamiminika kwenye shati lake jeupe mpaka kwenye kiwiko. Alicheka, mimi sikucheka. Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba samaki wa kupaka anadai sahani na wali, na kwamba ndani ya chapati adui ni mmoja tu, naye ni maji: maji ya samaki, maji ya nyanya, maji ya mvuke. Kila nitakachofanya leo ni kuyafukuza.

Tuanze na samaki. Huyu anaitwa makrell, na akiwekwa karibu na kibua wetu utaona undugu bila kuambiwa, kwani wote wawili ni wa ukoo mmoja na jodari na nguru. Ana mistari ya mawimbi mgongoni, tumbo la fedha, na magamba madogo sana ambayo hayahitaji kuparuliwa. Kiangazi makundi yake husogea karibu na pwani, na kwa kuwa uvuvi wa baharini kwa fimbo na ndoana hauhitaji leseni kwa mkazi wa hapa, utawaona babu na wajukuu wamesimama kwenye miamba jioni nzima. Mwanzoni mwa msimu, akiwa ametoka kutaga, anakuwa na mafuta kidogo. Akifika Septemba mafuta hayo yanaweza kukaribia asilimia 30 ya mnofu wake. Kwa chakula chepesi mimi nampenda huyu wa sasa, ambaye ana mafuta ya kutosha asikauke jikoni na si mengi kiasi cha kumchosha mlaji.

Jambo moja la usalama linawahusu hata nyinyi mnaonunua vibua mnadani kule Deep Sea, Tanga, au kwenye beseni la mama muuza samaki. Samaki wa ukoo huu akikaa juani, bakteria hutengeneza ndani ya mnofu wake kitu kiitwacho histamini, na histamini ikishaingia haiondolewi na moto wowote, hata umkaange mara mbili. Mlaji huwashwa mdomo kama aliyekula pilipili, uso humwiva, kichwa humuuma, na wengi hudhani wana mzio wa samaki ilhali kosa lilikuwa la jua. Mvuvi mzuri humtoa damu mara tu anapomvua na kumlaza kwenye barafu. Ukimkuta mchuuzi asiye na barafu saa sita mchana, mpungie mkono wa kheri upite.

Nina samaki wawili, kila mmoja karibu nusu kilo, nao wananipa vipande vinne vya mnofu vya gramu 120 hadi 150, vya kutosha watu wanne. Sogea karibu na kamera uone hapa. Nalaza kipande ngozi ikiwa chini, napitisha kidole cha shahada katikati ya mnofu kutoka upande wa kichwa kuelekea mkiani, na ncha za miiba zinanigonga kidoleni moja moja kama meno ya kitana. Nyumbani hatuna haja ya kuing'oa, kwa sababu tunakula kwa mkono na vidole vina macho. Lakini samaki aliyefungwa ndani ya chapati analiwa bila kuonekana, na mtoto akiuma hajui anachouma. Kwa hiyo nakata kwa kisu chembamba upande huu wa mstari wa miiba, nakata upande wa pili kwa mshazari, mikato miwili ikutane chini bila kutoboa ngozi, kisha nauinua ukanda mzima kama uzi. Ndiyo, gramu chache za mnofu zinapotea. Zinaingia kwenye supu ya kesho.

Sasa chumvi. Nusu kijiko cha chai kwa vipande vyote vinne, nainyunyiza upande wa nyama tu, naviacha dakika 15. Tazama matone haya yanavyojitokeza juu kama jasho: hayo ndiyo maji ambayo yangetoka ndani ya chapati. Nayafuta kwa karatasi ya jikoni, nageuza, nafuta na ngozi mpaka karatasi isinase unyevu. Ndipo nampaka kitunguu saumu punje mbili zilizopondwa, tangawizi kidogo, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, pilipili manga, na kijiko kimoja cha mafuta. Ndimu sijaitaja kwa makusudi. Wengi wetu tulifundishwa kumlaza samaki kwenye ndimu tangu asubuhi, lakini ndimu humpika kabla ya moto, mnofu unakuwa mlaini na kuachia maji, na mnofu mlaini hunasa kwenye wavu. Ndimu itakuja mwishoni.

Wavu lazima uwe wa moto sana kabla samaki hajaugusa. Mafuta anapakwa samaki, wavu unaachwa mkavu. Ngozi inatangulia chini, namkandamiza kwa koleo sekunde kumi ili asijikunje, kisha namwacha dakika tatu hadi nne bila kumchokonoa, na huu uvumilivu ndio unaowashinda watu. Ngozi ikiiva inaachia wavu yenyewe. Ukivuta ikakataa, bado haijaiva. Namgeuza upande wa nyama dakika moja na nusu tu, na mnofu ukianza kuachana kwa tabaka na kupoteza ule ung'avu wa kioo katikati, natoa. Nyinyi wenye mkaa mmebahatika kuliko mimi, hasa mkiongeza vifuu vya nazi juu ya makaa. Subirini tu ndimi za moto zizame na makaa yafunikwe na majivu meupe. Asiye na kibua anaweza kutumia kolekole au nguru, na walio Mwanza na Kisumu wana sato, ambaye hana mafuta mengi na kwa hiyo apunguziwe dakika moja.

Samaki hasitirwi na kifuniko akitoka jikoni. Namlaza juu ya wavu mwingine, ngozi juu, apumue, na hapo ndipo namkamulia ndimu nusu.

Chapati nimezitengeneza mwenyewe leo, ingawa lefse ya dukani haina ubaya wowote. Gramu 250 za unga wa ngano, nusu kijiko cha chumvi, vijiko viwili vya mafuta, mililita 150 za maji ya moto. Kanda, funika dakika 30, gawa madonge manane, sukuma kila moja mpaka liwe jembamba na upana wa sahani ndogo. Hatukunji tabaka za mafuta kama chapati za sikukuu, kwa kuwa tabaka hunywa mchuzi na mafuta huifanya iteleze mkononi. Kikaango kikavu, moto mkali, nusu dakika kila upande, kisha nazipanga ndani ya kitambaa cha pamba. Si mfuko wa plastiki wala si foili: pamba hunywa mvuke, foili huurudisha.

Kachumbari ndiyo iliyonipa taabu kubwa, kwa sababu kwetu kachumbari bila nyanya ni kama ngoma bila mpigaji. Nimeiacha nyanya. Nimechukua robo ya kabichi iliyokatwa nyembamba, kitunguu kimoja chekundu, na tango lililokwanguliwa mbegu, nikavifikicha kwa chumvi, nikasubiri dakika kumi, na sasa navikamua kwa mkono namna bibi alivyokuwa akikamua vitunguu vya kachumbari. Yaone maji yanavyotiririka, karibu nusu kikombe.

Uchachu nyumbani ungetoka kwenye embe bichi. Hapa nimepata kitu kingine: jirani yangu, mama mstaafu ambaye kila mwanzo wa kiangazi hutuachia fungu mlangoni, analima mmea uitwao rabarbra, wenye vikonyo vyekundu vinene kama vya magimbi na uchachu wa kukunja uso. Watoto wa hapa huchovya kikonyo kibichi kwenye sukari wakatafuna wakiwa uani, na mara ya kwanza nilipowaona nikakumbuka shuleni kwetu, tulivyokuwa tukichovya vipande vya embe bichi kwenye chumvi na pilipili kwenye karatasi ya daftari. Nakata kikonyo kimoja vipande vyembamba kama kucha nachanganya na kabichi. Majani yake yana sumu na hayaliwi, kwa hiyo nyinyi mlioko Ulaya msije mkadhani ni mchicha.

Mtindi hauna hadithi ndefu. Gramu 150 za mtindi mzito, uliochujwa kwa kitambaa kama ni mwepesi, kijiko kimoja cha ukwaju ulioyeyushwa ukawa uji mzito, chumvi kiasi, pilipili mbuzi iliyokatwakatwa kwa wanaoiweza. Wanorwei wangeweka rømme, maziwa mgando yao yenye malai, ambayo huiweka juu ya karibu kila kitu. Ni tamu, lakini baada ya kuila utatafuta mkeka.

Tunafunga. Chapati imelala kitambaani. Kwanza jani la saladi lililokaushwa, kwa sababu hilo ndilo ukuta kati ya unga na kila chenye unyevu. Juu yake samaki, aliyevunjwa vipande vikubwa pamoja na ngozi yake, usimpondeponde. Kisha kachumbari ngumi moja isiyojaa, na mtindi kijiko kimoja, katikati kabisa, mbali na kingo. Nakunja upande wa chini kwanza kuelekea juu, upana wa vidole vitatu, huo ndio mfuko wa kuzuia kitakachodondoka; kisha kulia, kisha kushoto, na juu nakuacha wazi. Kila mtu ajifungie mwenyewe mezani na kula hapo hapo. Ukiwa unaenda ufukweni, beba kila kitu kwenye bakuli lake, na mtindi uwe kwenye chombo cha baridi.

Sikilizeni hii sauti. Ngozi imelia. Na chini, ngoja niigeuze muone, chapati ni kavu, kiganja changu ni kikavu, na shati...

Hilo ni tone. Hilo la pili. Ndugu zangu, niwieni radhi, Bergen imekumbuka jina lake, na jiko hili ni la umeme. Nachomoa waya kwanza, halafu naiingiza sahani. Mwenye swali kuhusu kung'oa miiba aandike hapo chini, nitajibu nikishakula hizi tatu zilizobaki.