Taharuki ni Hesabu: Filamu za Kutazama na Namna ya Kuzionyesha

Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini, mbele ya wapenzi wa filamu na wenye mabanda ya video

Wazee wetu, kaka na dada zangu, habari za jioni. Wenzetu mliovuka maji kutoka Msangamkuu, poleni na safari, karibuni sana.

Nimeombwa nitaje filamu za taharuki zinazofaa kutazamwa, za zamani na za miaka hii. Nitazitaja. Kwanza lakini niwape kipimo ninachozichagulia, ili mweze kuzipima na zile ambazo sitazifikia leo. Filamu ya taharuki iliyotengenezwa vizuri hukukabidhi hesabu mapema: mwendo wa gari, dakika zilizobaki, unene wa mkoba, idadi ya kura. Ukishaishika hesabu hiyo, mwongozaji anaigusa kidogo tu na moyo wako unakwenda mbio. Filamu isiyo na hesabu hubaki kukushtua kwa mlango unaobamizwa na muziki unaolipuka, na baada ya dakika moja umeshasahau ulishtukia nini.

Chukueni Speed ya mwaka 1994, ambayo wengi hapa mmeiona. Basi likifika maili 50 kwa saa, kilomita 80 hivi, bomu linajiwasha. Likishuka chini ya hapo, linalipuka. Kuanzia hapo foleni ni hatari, kona ni hatari, na hata asiyejua neno la Kiingereza anautazama mshale wa mwendo.

Sasa rudini nyuma miaka 41, kwenye Le Salaire de la peur ya Henri-Georges Clouzot, ya mwaka 1953. Kisima cha mafuta kinawaka moto, na ili kuuzima moto huo inatakiwa nitroglisirini, kimiminika kinacholipuka kikitikiswa. Wanaume wanne, malori mawili, dola 2,000 kwa kila atakayefika. Kuna kipande cha barabara chenye vituta vidogo vilivyopangana. Wafaransa barabara ya namna hiyo huiita bati la migongo, na aliyewahi kupanda Makonde kwenda Newala enzi za vumbi anaijua mpaka kwenye meno. Dereva ana njia mbili. Atambae, au akimbie sana ili tairi ziruke juu ya migongo bila kuingia mabondeni. Mwendo wa katikati ndio unaotikisa mzigo. Clouzot anakueleza hayo, halafu analiweka lori moja mbele likitambaa na jingine nyuma likija kwa kasi. La nyuma haliwezi kupunguza, la mbele haliwezi kuongeza. Hakuna muziki unaokuamrisha uogope. Umeshaipiga hesabu mwenyewe.

Niwaonye: filamu hiyo ina karibu saa mbili na nusu, na sehemu kubwa ya saa ya kwanza watu wanakaa tu mjini, joto, nzi, hakuna kazi. Wengi huizima hapo. Vumilieni, maana ukiwa huwajui hao wanne hutajali nani analipuka. Na ile kanuni yetu ya banda, kwamba steringi hafi, iacheni mlangoni.

Ya Kurosawa ya mwaka 1963, High and Low, ambayo jina lake la Kijapani lina maana ya mbingu na jehanamu, ndiyo ninayoipenda kuliko zote nitakazozitaja. Tajiri wa kiwanda cha viatu ameweka rehani kila alichonacho ili anunue hisa za kampuni. Simu inalia: mwanawe ametekwa, zinatakiwa yeni milioni 30. Kumbe mtekaji amekosea, amemchukua mtoto wa dereva. Je, utajifilisi kwa ajili ya mtoto wa mtumishi wako? Karibu saa nzima hatutoki sebuleni. Watu wanasimama, wanakaa, wanapeana migongo, na kwa namna walivyopangwa tu unajua nani ana nguvu na nani hana. Mtazameni yule dereva. Yuko pembeni, kichwa chini, hathubutu kuomba.

Kisha mtekaji anataka fedha ziwekwe kwenye mikoba isiyozidi sentimita 7 kwa unene. Polisi wanajiuliza kwa nini 7. Jibu linapatikana ndani ya treni iendayo kasi: dirisha la chooni hufunguka sentimita 7 tu, na mikoba itatupwa hapo. Namba uliyoisikia sebuleni bila kuitilia maanani inageuka kuwa mtego mzima. Baada ya sebule tuli, treni inavuma, kamera inayumba, na sekunde ni chache. Picha ni nyeusi na nyeupe mwanzo hadi mwisho, isipokuwa mahali pamoja panapotokea rangi. Sitasema ni wapi.

Rear Window ya Hitchcock, mwaka 1954, nayo ni ya kuhesabu. Mpiga picha aliyevunjika mguu anachungulia majirani, na usiku wa mvua anamwona jirani mmoja akitoka na sanduku, akirudi, akitoka tena. Anahesabu safari zake. Halafu anasinzia, na wakati amelala jirani anatoka na mwanamke. Sisi tumemwona huyo mwanamke, yeye hajamwona. Kuanzia hapo unajua jambo asilolijua, na huwezi kumwamsha.

Wavuvi waliopo hapa watazameni Jaws, 1975. Papa wa mitambo alikuwa akiharibika kwenye maji ya chumvi, ndiyo maana Spielberg alilazimika kumficha kwa muda mrefu, na uhaba huo ndio ulioipa filamu nguvu. Badala ya papa tunaona mapipa ya njano yaliyofungwa kwake kama maboya. Nahodha anaamini papa hawezi kuzama na mapipa matatu. Mnajua boya likizamishwa maana yake nini.

12 Angry Men ya Sidney Lumet, 1957, dakika 96, karibu zote ndani ya chumba kimoja. Wazee wa baraza 12 wanaamua kama kijana ahukumiwe kifo: kura 11 kwa 1, kisha 10 kwa 2, na kuendelea. Joto kali, feni haizunguki, mashati yamelowa. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa. Tazameni kamera. Mwanzo iko juu ya vichwa, katikati inashuka usawa wa macho, mwishoni iko chini na dari inaonekana, na lenzi zinabadilishwa taratibu mpaka kuta zinaonekana kuwasogelea watu. Chumba kinazidi kubana na hujui kwa nini unapumua kwa shida. Siku ya pili yake wekeni Juror #2 ya Clint Eastwood, ya mwaka 2024: mzee wa baraza anasikiliza kesi ya mauaji na kugundua kwamba usiku uleule, barabara ileile, gari lake liligonga kitu alichodhani ni mnyama. Anzeni na ya zamani, kwa sababu ya pili inaipindua ya kwanza.

Za kwetu ni mbili. Nairobi Half Life, 2012, inamfuata kijana anayekwenda Nairobi kutafuta uigizaji na anaporwa siku ya kwanza. Mchana jukwaani, usiku na wezi, na unajua saa za pande mbili zitagongana. Lugha yake kali, watoto wasiwepo. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, 2021, inatokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ambayo wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanaifahamu. Hiyo inakwenda polepole na si ya kukimbizana, lakini kusikia Kiswahili cha Unguja kikibeba siri za wapigania uhuru ni jambo la thamani.

Sasa kuonyesha, maana filamu nzuri huuawa na chombo.

Sauti kwanza. A Quiet Place, 2018, dakika 90, ina ukimya mrefu. Anayetoa sauti anawindwa. Ukiionyesha na jenereta linanguruma nyuma ya ukuta, umeonyesha filamu nyingine kabisa. Jenereta liwe mita 20 au zaidi, upande upepo unakoelekea. Chini ya paa la bati usiipange kati ya Desemba na Aprili, mvua itaifuta. Mazungumzo yakiwa hafifu na muziki unapasua masikio, mara nyingi faili lina sauti ya 5.1, yaani iliyogawanywa kwa spika sita, na wewe una spika mbili, hivyo njia ya katikati inayobeba maneno haipati pa kutokea. Chagua stirio, yaani sauti ya spika mbili, kwenye mipangilio.

Picha: zima kwenye runinga ule mpangilio wa kulainisha mwendo. Filamu ni picha 24 kwa sekunde. Ikilainishwa inafanana na tamthilia ya mchana. Na msiivute filamu ya zamani ijaze kioo, nyuso zinanenepa. Acheni weusi wa pembeni.

Maandishi ya chini ndiyo yanayoharibu taharuki kuliko yote. Yakitangulia sekunde 2, siri imetoka kabla mwigizaji hajafumbua kinywa. Kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, bonyeza G au H, kila mbonyezo unasogeza kwa sehemu 50 za elfu za sekunde. Lakini kama mwanzo yanalingana na kadiri filamu inavyosonga yanazidi kuachana, G na H hazitasaidia: faili la maandishi lilitengenezwa kwa picha 25 kwa sekunde na filamu yako ni ya 24, na kwa dakika 100 tofauti inafika dakika 4. Tafuta faili jingine.

Mtafsiri wa banda namheshimu. Bila yeye bibi na babu zetu wasingefuata hata nusu. Ila azungumze kwenye nafasi baada ya maneno, na pale filamu inaponyamaza, naye anyamaze. Asitaje mwisho hata akibembelezwa.

Umeme ukikatika, msiendelee pale ulipokatikia. Rudisheni nyuma dakika 3, watu waishike hesabu upya.

Ulipiaji wa nyumbani wa mtandao wa filamu hauruhusu kuonyesha hadharani. Kibali na hakimiliki vitafutwe kabla ya tangazo kubandikwa.

Jumamosi tunaanza na 12 Angry Men, saa 1 usiku kamili, giza likishaingia. Mwaka 1960 Hitchcock alitaka majumba ya sinema yasimruhusu mtu kuingia Psycho ikishaanza. Nasi mlango tutaufunga saa 1 na dakika 5, kwa sababu kura ya kwanza hupigwa mapema, na asiyeiona hatajua wanahesabu kutoka wapi.