Pima Faili Zako Kwanza: Git au Subversion?

Ndugu wasikilizaji, swali la Git au Subversion, programu mbili za kutunza historia ya mabadiliko ya faili za mradi, mara nyingi hujibiwa kwa ushabiki, kama mpira. Leo tuanzie kwenye faili zenyewe.

Chukueni mradi wenye video moja ya MB 200, iliyobadilishwa hadi ikafika matoleo 10. Video imeshabanwa tayari, hivyo kila toleo hukaa na karibu MB 200 zake. Kwenye Git, anayejiunga leo kwa kawaida hunakili historia nzima, takriban GB 2, hata kama amekuja kurekebisha mstari mmoja. Kwenye Subversion historia hubaki kwenye seva, yeye akapata toleo la mwisho tu. Ila diski yake huliwa kama MB 400, maana folda ya .svn huweka nakala ya pili ya kulinganishia.

Mtu atasema, basi tuifute. Amri ya git rm huiondoa leo; kwenye historia bado ipo. Kuing'oa kabisa ni kazi ya git filter-repo, zana ya kuandika upya historia, nayo hubadilisha vitambulisho vya mabadiliko yote yaliyofuata, kwa hiyo kila mwenzenu hana budi kunakili upya hazina, yaani mradi pamoja na historia yake. Mmoja akiunganisha nakala yake ya zamani na kuisukuma kwenye seva, video imerudi!

Mkichagua Git, basi, wekeni Git LFS, nyongeza inayohifadhi faili kubwa kando ya historia ya kawaida, kabla video ya kwanza haijaingia: git lfs install, halafu git lfs track "*.mp4", halafu ingizeni kwenye hazina faili ya .gitattributes, ambamo kanuni hiyo imeandikwa. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika, na video za wenzenu zikaingia kama faili za kawaida.

Kama mradi ni msimbo mtupu, sioni sababu ya kuhangaika: Git. Matawi yake, yaani njia za kazi zinazokwenda sambamba, ni mepesi, na kazi haisimami mtandao ukikatika. Subversion nitaitetea mahali pawili. Inaweza kumzuia mtu kusoma folda moja ndani ya hazina, jambo ambalo Git yenyewe haina. Tena tangu zamani ina svn lock, amri ya kufunga faili ili mtu mmoja tu aibadilishe. Picha mbili haziunganishwi kama maandishi, na bila kufuli kazi ya mmoja hutupwa.

Mnaohama kutoka Subversion kwenda Git, andaeni kwanza orodha ya waandishi kwa ajili ya git svn, amri inayohamisha historia. Jina moja likikosekana, uhamishaji husimama njiani.